Swali Lililowekwa kwenye Mengineyo

Mimi ni mtu wa nyumbani. Siumwi miguu, wala siogopi baridi kuliko wengine. Basi tu, nikishavua viatu sioni sababu ya kuvivaa tena. Mume wangu husema nilihama Unguja kuja London, kisha nikaendelea kuhama kutoka jikoni kwenda sebuleni. Kweli. Safari yangu kubwa ya wiki ni duka la nyama ya halali, na hata hapo nikirudi nyumbani Thamesmead huvua koti kama mtu aliyetoka hija.

Nayasema haya ili ieleweke kwa nini harakati za uhuru wa Uskoti, au tuseme kale kakipande kake kalikoangukia London, zilikuja kukaa sebuleni kwangu. Mume wangu ni Mskoti wa Paisley. Alisilimu tulipooana, na maisha yake yote ya kazi alikuwa dereva wa basi. Yeye na Waskoti wenzake wanaoishi huku walitafuta pahala pa kukutana Jumapili alasiri. Mmoja alipendekeza baa, wenzake wakakataa kwa heshima ya mume wangu. Ukumbi wa maktaba ulikuwa wa kulipia. Ndipo mume wangu akasema, "Njooni kwangu. Mke wangu yupo siku zote." Hivyo ndivyo nilivyoingia kwenye siasa: kwa sababu sikuwa nimetoka.

Mwaka ule, 2014, watu wa Uskoti walikuwa wanaulizwa swali moja: mnataka kuwa nchi peke yenu, ndiyo au hapana? Waliopewa kura ni wanaokaa kule. Mskoti wa kuzaliwa aliyehamia London hakuwa na kura. Lakini mtu aliyetoka nchi yoyote ya Jumuiya ya Madola, akawa anakaa kule kihalali, alikuwa nayo. Kwa hiyo wote waliokuwa wakipigiana meza sebuleni kwangu juu ya njia ya kuikomboa Uskoti, hakuna hata mmoja mwenye kura. Katika familia yetu mwenye kura alikuwa binti wa dada yangu, muuguzi wa Glasgow, mzaliwa wa Unguja, mwenye pasipoti ya Tanzania na buibui la bibi yake ndani ya kabati.

Siku mume wangu alipofahamu hayo, alikaa kwenye kiti na sare yake ya kazi bila kuuliza hata chai.

"Miaka yote nawapeleka watu hawa wanakotaka kwenda," akasema. "Leo kwetu kunaulizwa kunataka kwenda wapi, mimi siulizwi."

Nilitaka kumtania. Tunataniana sana sisi, ndiyo dawa ya ndoa yetu. Lakini nilimtazama uso nikaacha.

"Yule mtoto," akasema baadaye. "Yule ndiye kura yangu."

Tangu siku hiyo sikuona kwake tamaa nyingine. Alitaka binti yetu aseme ndiyo kwa niaba yake, na alitaka aseme kwa kuridhika, si kwa kulazimishwa. Alimpigia simu Jumamosi. Kiswahili chake ni cha kuombea chai na kusifia wali, lakini salamu anazijua.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Mzima? Kazi? Mama Unguja hajambo?"

Wakazungumza. Akamweleza ombi lake bila kuzunguka sana, na mtoto akasikiliza kama alivyolelewa kusikiliza. Halafu akauliza, "Baba mdogo, mie nipo hapa kwa kibali cha kazi, na kibali kimetolewa na serikali ya huko London. Nchi ikigawanyika, mie nitakuwa mgeni wa nani? Na mama nikitaka kumleta, nitaomba wapi?"

Mume wangu akanitazama. Mimi nikatazama sufuria. Kibali changu mimi kilikuwa ni yeye mwenyewe, sikuwa na ujuzi zaidi ya hapo.

"Swali zuri sana," akamwambia. "Nitalipeleka kikaoni."

Laiti angelipeleka popote pengine, hata kwa muuza samaki.

Vikao vyao sijapata kuona mfano wake, nami nimetoka visiwa ambako watu wanaweza kubishana juu ya Muungano tangu kahawa ya asubuhi hadi bao la jioni. Hawa walikuwa na utaratibu. Mtu hasemi jambo, analeta hoja. Hoja ikija, mwingine analeta marekebisho ya hoja. Marekebisho nayo yanarekebishwa. Baadaye wanapiga kura kuamua kama sasa wapige kura. Ajenda inaanza na kikao kilichopita na kuishia na "mengineyo", na huko kwenye mengineyo ndiko lilikowekwa swali la binti yetu.

Mwenyekiti alikuwa mhasibu mstaafu kutoka Aberdeen, mtu mpole, anayefuta miwani kabla ya kumpinga mtu. Yeye alikuwa wa taratibu. Alisema mpiga kura anayesitasita ana hofu, basi asitiwe hofu zaidi: aambiwe pauni ni ile ile, malkia ni yule yule, pensheni itaingia siku ile ile, kitakachobadilika ni pahala pa kufanyia maamuzi. Kinyume chake alikuwa mama mmoja wa Dundee, dereva wa treni, mwenye sauti ya kuita abiria bila kipaza sauti.

"Kama kila kitu kitabaki vile vile," akasema, "mtu atoke nyumbani na mvua ile akapige kura ya nini?"

"Tukiwatisha tunashindwa," akajibu mhasibu.

"Tukiwalaza usingizi tunashindwa vilevile, na juu yake tumechosha watu!"

Mimi niko mlangoni na sinia la katlesi. Nikiwa msema kweli, yule mama alinifurahisha, ila alikuwa anakula kwa mkono ule ule anaopigia meza, na kitambaa cha meza ni cha kudarizi.

Siku moja mhasibu akanigeukia kwa adabu. "Nyinyi Wazanzibari mna muungano wenu pia. Mngetushauri nini?"

Kwetu wakati ule ule walikuwa wanavutana, serikali mbili au serikali tatu. Nikamwambia chai inapoa.

"Lakini nyinyi mlifanya mapinduzi!" akasema yule mama, macho yamemng'ara.

"Mapinduzi yalinikuta nina meno mawili," nikamwambia. "Yote ya chini."

Wakacheka, wakarudi kwenye pauni. Walibishana kuhusu pauni hadi mwanga ukaanza kupungua dirishani, watu wakavaa makoti, na mwenyekiti akasema mengineyo yasubiri kikao kijacho. Kikao kijacho walibishana kama wahimizwe vijana kwanza au wazee kwanza. Mengineyo yakasubiri. Kilichofuata, yule mama alileta hoja kwamba hoja ya pauni irejeshwe.

Nikashindwa kujizuia. "Mnalo swali la mtu mwenye kura," nikasema. "Kura ya kweli. Ya kutia sandukuni. Kwa nini halijibiwi?"

Mhasibu akafuta miwani. "Ni hoja ya msingi, mama. Ila kwa utaratibu, wewe si mjumbe."

"Sawa. Na katlesi hizo nimezipika kwa ajili ya wasio wajumbe."

Nikachukua sinia nikarudi nalo jikoni. Nilidhani nimewakomesha. Baada ya muda nikasikia yule mama wa Dundee analeta hoja katlesi zirudishwe, na hiyo, kwa mara ya kwanza, ikapita bila marekebisho.

Kinachoniudhi hadi leo ni kwamba huenda jibu lilikuwemo mle mle chumbani. Mhasibu alikuwa na kitabu kinene kilichotolewa na serikali ya kule kueleza mipango yote ya uhuru. Kila mmoja alikifungua kwenye kurasa zinazompa haki yeye. Za pauni zilikuwa zimechafuka kwa vidole. Kurasa za wageni na vibali, kama zilikuwemo, zilibaki safi kama siku kilipochapishwa.

Badala ya kumjibu, wakaamua kumpigia simu. Si mmoja, wote, kwa zamu, kila kambi ijaribu mkakati wake kwa "yule msichana wa Glasgow". Mhasibu alimpigia, akarudi na furaha: msichana amekubali kabisa kwamba mambo yaende taratibu. Jumapili ya pili yule mama naye akaja amenyanyua mikono: msichana amekubali kabisa kwamba wakati ni sasa na hakuna kurudi nyuma. Wakaanza kugombana msichana ni wa nani.

Nikamvuta mume wangu jikoni.

"Bwana, yule mtoto hajakubali chochote."

"Amewaambia ndiyo wote wawili."

"Amewaitikia. Watu wazima wamempigia, awaambie nini? Amelelewa na dada yangu yule. Mtu akimpigia kumuuzia madirisha anamuuliza hali ya watoto kwanza."

Akacheka, kicheko cha mtu ambaye hataki kusikia. "Wewe huamini mtu."

"Namwamini sana. Ndiyo maana nakwambia mjibu swali lake."

"Lipo kwenye ajenda," akasema. Mume wangu, mtu aliyenifundisha kupanda basi la kwanza linalokuja badala ya kungoja lililo zuri, ananiambia lipo kwenye ajenda!

Siku ya kura alikuwa kazini, lakini alimpigia mtoto wakati wa mapumziko. Mtoto naye alikuwa zamuni, hakupokea. Usiku matokeo yakatoka hivyo kama yalivyotoka: Uskoti imesema hapana. Mume wangu alisimama mbele ya televisheni muda mrefu, kisha akaizima, akaenda kutawadha. Asubuhi nilimpikia uji wa shayiri, uji wao wa kwao, ule ambao mimi siku zote huuita chakula cha farasi. Siku hiyo nikauita uji.

Jumapili wakaja wote, na huzuni zao, na mikakati mipya mkononi kabla hata hawajakaa. Mhasibu alisema tumeshindwa kwa sababu tumekwenda mbio. Sasa tungoje, tujenge imani, tusiitishe kura nyingine mpaka tuwe na uhakika wa kushinda. Mama wa Dundee akasema tumeshindwa kwa sababu ya woga. Tudai nyingine mara moja, na London ikikataa ruhusa tuufanye uchaguzi wowote unaokuja kuwa ndiyo kura yenyewe. Na kila mmoja alikuwa na ushahidi wake: "Angalau yule msichana wa Glasgow tulimpata."

Simu ikalia. Alikuwa yeye, anataka kumpa pole baba mdogo wake. Mume wangu kwa furaha akaiweka mezani, sauti wazi, ili wenzake wasikie.

"Shikamoo, baba mdogo. Pole sana."

"Marahaba, mwanangu. Hapa tupo na wenzetu, wanakushukuru kwa kura yako." Akarudia kwa Kiingereza ili wenzake waelewe.

Halafu mtoto naye akajibu kwa Kiingereza, sauti ya chini, ile sauti anayozungumza nayo na wagonjwa.

"Nisamehe, baba mdogo. Nimepiga hapana. Nilikuwa nataka kupiga ndiyo, wallahi, kwa ajili yako. Nilifika mpaka nimeshika penseli. Lakini sikujua mie na mama tutakuwa wapi, na sikutaka ukanishukuru kwa kitu nisichokifanya."

Mama wa Dundee alitazama katlesi yake. Mhasibu alivua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Hili ni jambo zito," akasema kwa upole wake wote. "Napendekeza tulizungumze kwa nafasi yake. Tuliweke kwenye mengineyo."

Wallahi nilitaka kumpiga na sinia.

Mume wangu aliichukua simu mezani, akazima ile sauti ya wote, akaja nayo jikoni. Akaegemea jokofu. Uso ulikuwa mwekundu, nami nikasema sasa atamlaumu mtoto, na mimi nitalazimika kusema maneno ya kukaa nayo wiki nzima. Akaiweka ile simu sikioni.

"Mwanangu," akasema, Kiswahili chake kile kile kibovu. "Kibali. Kinaisha lini? Niambie. Mama pia. Pole pole, mimi naandika."

Akaniashiria kalamu. Nikampa, pamoja na bahasha ya duka la nyama aandike nyuma yake.

Sebuleni walikuwa wamefika kwenye kupiga kura: kungoja au kudai sasa. Wakagawanyika nusu kwa nusu. Nikamsikia mhasibu anamwita mume wangu aje aamue, kura yake ndiyo imebaki. Ndiyo, kura! Mwaka mzima alikuwa anaililia, leo imemfuata hadi jikoni.

Mume wangu hakugeuka. Aliinua kidole kimoja, subirini, akaendelea kuuliza herufi za jina la shemeji yake kama zilivyo kwenye pasipoti.

Wakaita tena. Nikatoka na birika, nikasimama mlangoni.

"Punguzeni sauti," nikawaambia. "Mtu anazungumza na simu."