Nilimnunulia shemeji taa za kukuzia mchicha, nikakuta bangi

Admin, ficha jina langu na jina la apartments.

Meneja wa apartments hizo, zilizoko Vickery Meadow, Dallas, amenipigia simu leo asubuhi. Amesema Alhamisi kuanzia saa tatu fundi wa viyoyozi atapita kila nyumba, na atafungua makabati yote ya ukutani kwa sababu mabomba yanapita humo. Amenipigia mimi kwa kuwa mkataba una jina langu. Mimi siishi pale. Anayeishi pale ni shemeji yangu, na ndani ya kabati la chumba chake kuna miche minne ya bangi.

Nina miaka arobaini na moja, ni Mtanzania, ni nesi, naishi Carrollton na watoto wawili. Mume wangu anafanya kazi Houston, anaondoka Jumapili na kurudi Ijumaa. Shemeji ni mdogo wake wa mwisho, ana miaka ishirini na tisa. Alipofika Marekani hakuna apartment iliyomkubali, maana hakuwa na credit, yaani rekodi ya kulipa madeni, wala kazi. Nikasaini mimi. Wengi wenu mmesainiwa hivyo, au mmewasainia wengine, kwa hiyo sitaeleza sana.

Baridi ilipoanza aliniambia anataka kulima mchicha ndani. Nilifurahi. Nilimpelekea mifuko miwili ya udongo, ndoo nilizozitoboa chini na mbegu alizonitumia mama kutoka Morogoro. Akaomba na taa, zile energy saver zilizojisokota, kwa kuwa kabatini hakuna jua. Nikanunua boksi zima. Halafu nikafanya kosa linaloniudhi mpaka leo: niliwatangazia kina mama wa jumuiya yetu kanisani kwamba shemeji ana mchicha. Mnajua mchicha wa nyumbani ulivyo adimu huku. Sita waliagiza. Kila Jumapili naulizwa, "Dada, mboga zetu zimefikia wapi?" Najibu zinakua.

Wiki mbili zilizopita nilikwenda na beseni nikavune mwenyewe. Shemeji alifungua mlango, akasimama katikati ya korido.

"Shem, ungepiga simu kwanza."

Nikampita. Harufu nilikuwa nimeshaisikia kwenye ngazi, nikadhani ni ya majirani. Kabati lilikuwa limebandikwa karatasi za foili pande zote. Taa nilizonunua zilining'inia karibu kugusa majani, feni ndogo inazunguka, na ndoo zangu nne zimepangwa chini. Majani ya chini yalikuwa yameanza kuwa njano. Nimekulia Tanzania na nimesomea unesi, sikuhitaji kuelezwa.

"Huu ndio mchicha?"

"Ule ulikufa, shem. Ila udongo wako ulikuwa mzuri, nikaona usipotee bure."

Nilimwambia hapa ni Texas, bangi ni jinai. Akasema majimbo mengine inauzwa dukani kama soda. Nikamwambia hatuishi majimbo mengine. Akasema si ya kuuza, ni ya goti lake, ambalo halimpi usingizi tangu alipoanguka kazini kwenye ghala, na kwamba miche imeanza kutoa maua, nimpe wiki sita.

"Jina langu ndilo liko kwenye mkataba," nikasema.

"Ndiyo maana nakuheshimu sana, shem."

Nilimpigia mume wangu Houston kutoka kwenye parking. Akasema, "Usimwambie mtu yeyote. Nitaongea naye." Ijumaa aliporudi, waliongea. Walitazama mpira, wakala ugali niliopika, wakaagana. Nilipouliza, akasema, "Ameelewa." Nilipouliza ameelewa nini, akasema nisimdhalilishe mdogo wake, na kwamba mama yao ana presha, asijue neno lolote.

Jumapili mama mkwe akapiga simu. Shemeji alikuwa ameshamlilia.

"Mwanangu," akaniambia, "unamgombeza mtoto ugenini kwa sababu ya mboga?"

Mume wangu alikuwa amekaa mbele yangu, anatikisa kichwa nisiseme. Nikamwambia mama mkwe nimekosa, nisamehewe. Nimeomba msamaha kwa ajili ya bangi ya mtu mwingine, na mwenye bangi hajaomba mpaka leo.

Leo, baada ya simu ya meneja, nilimpigia shemeji nikamwambia aing'oe. Amekataa.

"Mwambie fundi nina ugonjwa wa kuambukiza. Wewe si nesi? Watakuamini."

Mume wangu naye amesema nimwombe meneja aahirishe. Nimeomba. Meneja amejibu kwamba notisi imeshatoka kwa wapangaji wote na haibadiliki.

Sasa niwaeleze kilicho hatarini. Jumanne ijayo nina usaili wa uraia. Nimesubiri miaka mingi kuufikia. Leseni yangu ya unesi nayo haivumilii kesi ya aina hii. Nikinyamaza, fundi atakuta bangi katika nyumba yenye jina langu. Nikimweleza meneja kwanza, ataita polisi, na shemeji ana green card tu, si raia. Anaweza kurudishwa, na ukoo mzima utasema mke wa kaka ndiye aliyemfukuza. Nikiing'oa mwenyewe, nitaibeba kwenye gari langu kutoka Vickery Meadow mpaka wapi? Hata kuitupa kwenye pipa la takataka la apartments naogopa, pana kamera.

Sitaki kuambiwa niombe, naomba kila siku. Sitaki pia kuambiwa niongee na mume wangu, mmeshasoma alivyosema. Nawauliza hasa mnaojua sheria za huku na mliowahi kumsainia ndugu nyumba.

Nina ufunguo wa akiba. Jumatano natoka kazini saa tisa alasiri, na shemeji anaingia zamu saa kumi. Fundi anaanza Alhamisi saa tatu asubuhi. Niambieni kabla ya Jumatano: niende nikaing'oe, nimwambie meneja, au nikae kimya?