Siku Baba Mwende Alipoulizwa Kama Ana la Kuongeza

Hii aibu nimeikalia miezi kadhaa, na ningeendelea kuikalia kama si nyinyi kuniuliza kwa nini kila nikisikia neno "mkutano" nafunika uso. Haya, sikieni, lakini mkicheka mcheke polepole, hapa Kayole kuta ni nyembamba.

Mimi ni fundi wa nguo, hilo mnajua. Muungano wetu wa mafundi una wanachama nchi nyingi, na kila baada ya miaka fulani tunakuwa na mkutano mkubwa, sasa miji inashindania kuwa mwenyeji, na kuna kamati ya watu saba ya kuichunguza, mnaangalia ukumbi, hoteli, usafiri, usalama, kila mtu anatoa maoni, halafu mnapiga kura. Safari hii walitaka fundi wa kawaida, si wale wakubwa wa ofisi, jina langu likatolewa (nafikiri wengine walikataa), nikaletewa fomu. Kwenye fomu kulikuwa na swali: unahitaji mkalimani wa Kiswahili? Kiingereza nakisikia, cha kumwambia mteja kiuno kimeongezeka nakijua vizuri kabisa, lakini nikaweka tiki. Wacha niseme ukweli. Tangu Baba Mwende afariki, na Mwende mwenyewe ameolewa Kitale, nyumba yangu inaweza kukaa asubuhi hadi jioni bila sauti ya mtu, ni cherehani tu, nikaona si vibaya nipate mtu wa kuniongelesha lugha yangu angalau alasiri moja.

Hiyo tiki ndiyo ilinimaliza.

Kikao kilikuwa kwa mtandao, Jumamosi mchana. Nikavaa blauzi ya kanisani juu na leso chini (nani ataona?), nikaweka kompyuta ya Mwende juu ya meza ya kukatia nguo, nikaingiza waya masikioni. Na huyo mkalimani, jamani! Kijana wa Pwani, Kiswahili chake kimenyooka kama kimepigwa pasi. Mji uliokuwa na zamu siku hiyo ulikuwa wa mbali huko ng'ambo, jina naliacha, na msemaji wao alikuwa bwana mmoja wa tai ya kijani, akatuonyesha filamu, mto, ukumbi wa vioo, watu wanacheka bila sababu. Alipomaliza, mwenyekiti, mama mmoja mpole wa mvi, akaanza kuita wajumbe mmoja mmoja watoe tathmini.

Hapo ndipo jirani yangu Mama Brayo akagonga mlango kama nyumba inaungua. "Mama Mwende! Maji imekuja! Na imekuja na nguvu!"

Sasa wewe ungefanya nini? Siku tano mifereji ilikuwa inakohoa hewa. Nikatupa zile waya, nikashuka na mitungi miwili, nikapanga foleni, nikapanda nayo ngazi orofa tatu. Nikarudi nahema, nikavaa waya, kimya. Watu wote kwa skrini wametulia wananitazama. Kumetokea kisanduku fulani kinauliza kitu, nikakibonyeza kiondoke, kama ninavyofanyia visanduku vyote. Nikajua ni mtandao umeganda.

Mimi nikiwa peke yangu huwa naongea na Baba Mwende. Alikuwa dereva wa lori, na koti lake la kazi liko msumarini nyuma ya mlango hadi leo, kwa hivyo huwa nageuka naliangalia.

"Baba Mwende, umewaona hawa?" nikamwambia. "Wanasema hoteli iko karibu na ukumbi, na kwa filamu basi limevuka madaraja mawili. Wewe dereva, hiyo ni karibu ya nani? Mafundi wengine ni wazee, wana magoti. Na huyo wa tai ya kijani, hiyo suti nani alimshonea? Bega la kushoto limeshuka kama limepewa habari mbaya."

Nikacheka kidogo. Halafu, sijui ni ule uchovu wa ngazi, maneno yakaendelea kutoka.

"Lakini hata wangekuwa na mji wa dhahabu, nitaenda na nani? Wewe ndiye ulikuwa unaniambia ukifika piga. Sasa nikifika nitampigia nani? Jana nimeshona sare kumi na mbili, na sikuongea na mtu isipokuwa wa maziwa."

Nikageukia skrini. Bwana wa tai ya kijani alikuwa ameinua mkono, anapapasa bega lake la kushoto.

Yule mama wa mvi amevua miwani anapangusa macho. Nikasikia mkalimani, kwa ile sauti yake ya adabu, "Mwenyekiti anashukuru kwa tathmini ya kina. Anauliza, je, Baba Mwende ana la kuongeza?"

Watu, kijana wa watu alikuwa ametafsiri yote. Yote! Ndiyo kazi yake. Walikuwa wameniita nikiwa mferejini, wakaningoja, na kile kisanduku kilikuwa cha kufungua maikrofoni.

Hapo ningesema ukweli mambo yaishe. Lakini mdomo wangu ukasema, "Anasema hana."

Basi Baba Mwende akaandikwa kwenye kumbukumbu za kikao. Wajumbe kutoka Kenya, wawili. Jumamosi iliyofuata, siku ya kura, mwenyekiti akafungua kwa kusalimia watu, akafika kwangu, akauliza mbele ya wote mbona mume wangu hajakaa nami leo, wamemtengea nafasi aseme kuhusu usafiri, maana wamesikia ni dereva.

Miaka miwili nimekuwa nikiambia watu "hayuko", mtu afikirie yuko safari.

"Baba Mwende alikufa," nikasema. "Siku ile nilikuwa naongea na koti."

Nikamsikia mkalimani anavuta pumzi. Halafu akanong'ona, "Pole sana, mama," (hilo halikuwa sehemu ya kazi yake) ndipo akawaambia wengine. Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka, ningejua pa kuweka uso.

Tulipiga kura. Niliupigia ule mji, ukashinda, na wakaandika kwamba wageni watahamishiwa hoteli iliyo ng'ambo ya barabara tu kutoka ukumbini. Mwaliko wangu ulikuja. Chumba cha mtu mmoja.

Kuongea na yeye sijaacha, siwadanganyi. Lakini nimeapa, mtu akiniuliza tena mume wangu yuko wapi, namwambia pale pale, hata kama ni konda, hata kama ni mzungu mwenye mvi. Kusema alikufa kulinichoma mara moja. Kusema hana la kuongeza kulinichoma wiki nzima.