Pua ya Bi Swafiya na Jiwe Lililofanana na Wanja

Saa tatu asubuhi, jua limeshaanza kuuma. Bi Swafiya Abubakr anapiga hodi kwenye nyumba ya nne tangu afike Chundwa, kijiji cha wavuvi na wakulima kisiwani Pate. Ametoka Siyu kwa miguu, na mkononi ana kopo la maziwa ya unga lililojaa vichupa vidogo vya wanja.

Anayedhani amekuja kuuza amekosea. Bi Swafiya amekuja kuomba arudishiwe.

"Mwanangu, ule wanja wangu ulonunua kabla ya Ramadhani, uko?" anamuuliza mwenye nyumba, mama kijana aliyempakata mtoto. "Nipa. Na huyo usimpake tena matoni. Mimi ndimi niloutengeneza, na ni mimi nikwambiao kuwa haufai."

Mama yule anacheka, akidhani ni mzaha wa mtu mzima. Bi Swafiya hacheki. Anasimama pale pale mlangoni mpaka kichupa kinaletwa, anakitia koponi, kisha anataja siku ambayo muuguzi wa zahanati atachukua damu ya watoto ipelekwe bara kupimwa. Halafu anaaga na kwenda nyumba ya tano.

Kampuni kubwa zikikosea huchapa tangazo dogo gazetini, kwenye kona asiyoisoma mtu. Bi Swafiya hana gazeti, ana miguu. Ndani ya miezi miwili amefika nyumba sitini na nne na kukusanya vichupa mia moja na kumi na viwili, na hakuna aliyemtuma.

Ana umri wa miaka sitini na mmoja. Kwa miaka thelathini na mitatu, tangu alipofiwa na mumewe, amekuwa akisaga wanja wa manga, ule mweusi wenye kumetameta unaotokana na jiwe la kijivu. Mawe yenyewe aliletewa na mahujaji na wachuuzi wa Lamu mjini. Wanja ndio uliowasomesha watoto wake watatu, na kwa mabibi harusi wa kisiwa hiki, macho yasiyopakwa wanja wake yalikuwa kama chakula kisichotiwa chumvi.

Sifa yake kubwa ilikuwa moja: hakusaga jiwe bila kulinusa. Mama mkwe wake ndiye aliyemfundisha. Unabanja kipande kidogo kama punje ya mchele, unakiweka juu ya kaa la moto, unapepea, kisha unasogeza pua.

"Likinuka kibiriti, hilo ni iwe la wanja," anaeleza. "Likinuka kitu kingine chochote, latupwa. Hata liwe zuri vipi. Mato ya mwana si mahali pa kufanyia majaribio."

Mtihani wa pua hiyo ulikuja mwishoni mwa mwaka jana, na uliletwa na wema wa jirani. Mwalimu Kipchumba, anayefundisha kemia katika shule moja ya sekondari kisiwani humo, alikuwa na sanduku la mawe ya maonyesho lililotolewa na wafadhili kutoka ng'ambo. Chumvi ya bahari na mende walikuwa wameshakula karatasi za majina. Jirani yake, Thuwaiba, alikuwa amejifungua mtoto wa kwanza, na zilibaki siku mbili atimize arubaini, siku ambayo mtoto hutolewa nje akiwa ameogeshwa, amefukizwa udi na kupakwa wanja.

Kipchumba, mtu wa bara aliyekuwa bado anajifunza desturi za wenyeji wake, akataka naye alete zawadi. Sandukuni mlikuwa na jiwe la rangi ya risasi, lenye buluu kwa mbali, zito kupita umbo lake. Akaona ni galena, jiwe lile lile la wanja. Akampa Thuwaiba, naye akalikimbiza kwa Bi Swafiya.

"Kwa macho sikuona tofauti," Mwalimu anakiri. "Rangi ile ile, ulaini ule ule, hata kuvunjika linavunjika kwa pembe kama galena. Kama ungekuwa mtihani, ningejipa alama zote."

Bi Swafiya alibanja kipande, akakiweka juu ya kaa, akapepea. Mwale wa buluu ukachomoza. Harufu ya kibiriti haikuja. Ilikuja harufu ya figili zilizooza, nzito, ya kutapisha. Akalirudisha jiwe kwa ncha za vidole.

"Hili silisagi," akasema.

"Bi Swafiya, arubaini ni kesho kutwa!" Thuwaiba akalalamika. "Mwalimu mwenyewe asema ni iwe la wanja. Mtu wa sayansi!"

"Basi na alisage yeye. Mimi mwanao simpaki."

Maneno yakazagaa mtaani. Wakwe wa Thuwaiba wakasema mama huyu ameona wivu kwa sababu jiwe halikununuliwa kwake. Wengine wakasema amezeeka na pua imechoka. Yeye hakuwa na jina la kuliita jiwe lile wala hoja ya kitabuni. Alikuwa na harufu tu, na mtoto wa siku thelathini na nane ambaye macho yake yalikuwa mikononi mwa bibi huyu. Akang'ang'ana.

Kipchumba akaenda kulitetea jiwe lake. Bi Swafiya hakubishana naye. Alimkaribisha mkeka, akaweka kipande kingine juu ya kaa na kumwambia, "Nusa, Mwalimu."

Akanusa mara moja tu. "Nilikumbuka darasa la chuoni, miaka kumi na miwili nyuma. Seleni, ndiyo inukayo hivyo ikiungua! Kwa wema wangu wa kijinga nilikuwa karibu kumtia mtoto wa jirani kitu nisichokijua."

Mtoto akatolewa nje siku ya arubaini macho yakiwa meupe, wakwe wamenuna. Kipchumba akatuma kipande cha jiwe Nairobi kwa Wamuyu, mjiolojia aliyesoma naye. Baada ya wiki tatu Wamuyu akapiga simu, na Mwalimu akaipeleka mpaka uani kwa Bi Swafiya, akaiweka sauti ya juu ili majirani nao wasikie.

Jiwe linaitwa klaustalaiti. Ni madini ya risasi yaliyoungana na seleni, uzito wake kama mara nane wa maji. Ni adimu kwa sababu salfa, yaani kibiriti, imejaa duniani na seleni ni haba. Risasi ikikutana na salfa huzaa galena, na ni katika mishipa michache ya miamba, ambamo maji ya moto ya chini ya ardhi yalikuwa na seleni nyingi na salfa kidogo, ndipo huzaliwa hili. Ujerumani lipo, Argentina lipo, Bolivia lipo. Pate halipo, isipokuwa lile la sandukuni.

"Mama, umetambua kwa kaa kitu ambacho mimi nimekitambua kwa mashine," Wamuyu akasema. Ua mzima ukapiga vigelegele, na mkwe wa Thuwaiba akawa wa kwanza kuja kumbusu mkono.

Kisha Wamuyu akaendelea, na hapo ndipo maisha ya Bi Swafiya yalipogeuka. Moshi ule ni sumu, asiunuse tena. "Na lile la kawaida pia, mama. Galena nayo ni risasi. Haifai machoni, na kwa watoto haifai kabisa. Huingia mwilini na kuharibu akili inayokua."

Vigelegele vikakatika. Kipchumba anasema alitamani kuizima simu. Angeweza pia Bi Swafiya kujitia hakusikia, kwani nani angemuuliza? Alikuwa ametoka kutawazwa shujaa dakika moja iliyopita.

"Nilinusa la mgeni nikalijua," anasema sasa, polepole. "La kwangu nimelinusa miaka thelathini na mitatu, nikaliita zuri. Wallahi usiku ule sikulala. Asubuhi nikavaa buibui langu nikashika ndia."

Mawe aliyobaki nayo alimkabidhi Mwalimu ayafungie kabatini. Pato lake kubwa likaisha siku hiyo. Siku hizi anashona kofia za mkono, na moja humchukua wiki sita. Wapo waliomfungia mlango, na wapo waliomtukana. Thuwaiba hufuatana naye siku za Jumamosi, mtoto mgongoni, akimsaidia kueleza kwa wasiotaka kusikia.

Majibu ya damu yameanza kurudi. Watoto wengi hali zao si mbaya, na wachache wanafuatiliwa na zahanati. Bi Swafiya anawajua hao wachache kwa majina, na huwataja katika dua.

Mpango wake ni kumaliza kisiwa cha Pate kabla ya mwezi kuandama, kisha avuke kwenda Ndau. Anapoulizwa huko kuna wateja wangapi, anakaza kifuniko cha kopo lake, ambacho hata hakijalegea.

"Moya," anajibu. "Binti yangu. Ana wana wawili. Nimewapaka kwa mkono wangu tangu wa siku arubaini, kila nikienda. Nyumba yake ndiyo ingekuwa ya kwanza, na mimi nimeiweka ya mwisho. Watu wote hawa niliwaogopa, lakini yeye nilimuogopa kuliko wote."

Anasimama, anajifuta uso kwa ncha ya mtandio.

"Jumatatu navuka, inshallah. Nikifika siketi. Nitamwambia pale pale mlangoni, kabla hajaushika mkono huu kuubusu."