Bustani Tuliyoinyoa Kama Chai

Kuna siku moja, mwanangu, ambayo naikumbuka mpaka harufu yake: nyasi mbichi zilizofyekwa, na matope ya bonde letu huku chini ya Chepseon. Nilikuwa msichana wa kuchuma chai, na shule niliishia darasa la saba, kwa hivyo nikikosea mahali utanisamehe. Pale nisipokuwa na hakika nitasema.

Mzee Arap Chumo alikuwa amekata mikaratusi yake bondeni kwa sababu kijito kilikuwa kinakauka. Kile kipande akatupa sisi, kikundi cha vijana na akina mama, tupande miti ya kienyeji na dawa za asili, ili ndege na wanyama wadogo wa zamani warudi. Lakini alitoa kwa sharti: "Mvua ndefu ikiisha na hakuna kitu kimerudi, namwachia Kiprono." Kiprono ni mwanawe, na miche ya mikaratusi ilikuwa imejaa tayari nyuma ya jikoni yake. Usimchukie. Alikuwa na watoto wa kusomesha, na miti hiyo hukua upesi.

Basi tukaingia kazini, na kazi tuliyoijua ni ya chai. Wewe umeona: ufito unalazwa juu ya michai, tawi likipita ufito linakatwa, shamba linabaki sawa kama meza. Mwenyekiti wetu, Bwana Rotich, alikuwa amesimamia wachumaji miaka mingi, na mkono wake ulikuwa mzuri, hilo siwezi kumnyima. Kila kichaka kilichoota pale bondeni kikapita chini ya ufito wake. Tukafyeka, tukafagia, matawi makavu tukachoma. Wapita njia wakatusifu. Mzoea punda hapandi farasi, lakini sisi hata hatukujua kwamba tumeletewa farasi.

Mzee akaja baada ya kanisa. Akazunguka, mikono nyuma. Kisha akauliza, "Lagok, watoto wangu, nani amekufa?"

Akaelekeza kidole vichakani.

"Naona pamenyolewa kama kichwa cha mfiwa."

"Mzee, huo ni usafi," Bwana Rotich akajibu.

"Usafi wa nani? Ndege atalala kwa meza? Chura atajificha chini ya ufagio wako?"

Mama Wairimu wa kikundi chetu, aliyekuwa akiuza nguo sokoni, akashindwa kujizuia. "Chair, hata mimi ningekuwa sungura ningehamia kwa jirani!"

Bwana Rotich alinuna. Mzee hakucheka. "Mvua bado. Pandeni, halafu muache. Panga ziende nyumbani."

Kupanda tulipanda; kuacha, mwanangu, ndiko kulikuwa kazi. Kwetu shamba lenye magugu ni aibu ya ukoo mzima. Watu walisimama barabarani wakituuliza, "Nyinyi wa bustani, mlihama?" Mwingine akasema ile si bustani, ni nywele za mwendawazimu. Mkono wangu ulikuwa unaniwasha kutaka kufyeka, na sikuwa na imani kama watu wanavyodhani leo. Bwana Rotich ndiye aliyekuwa wa kwanza kupeleka panga yake nyumbani, na hilo liandikwe upande wake. Kiprono naye alipita mara kwa mara, akilipima bonde kwa macho.

Mvua iliponyesha, vyura walianza kelele. Chozi, wale ndege wadogo wanaonyonya maua, wakaja kwa maua ya rangi ya machungwa tuliyopanda. Kinyonga mmoja alimkimbiza Mama Wairimu mpaka barabarani. Lakini Mzee alikuwa amelazwa na kifua, hakuona hata kimoja.

Mvua ikaisha. Akaja na Kiprono, mchana, na kikundi chote tukawafuata nyuma kama watu wa harusi. Kwa kelele zetu kila kiumbe kikajificha. Bonde lilikuwa kimya kabisa. Nikajua tumekwisha.

Mzee akaacha njia, akaingia kwenye nyasi zilizomfika kiunoni. Ghafla kitu kikalipuka miguuni pake, mabawa na makelele, naye akaanguka chali matopeni. Tulidhani amevunjika nyonga. Kiprono akakimbia.

"Kwale!" Mzee alikuwa anacheka mpaka anakohoa. "Kwale ameniangusha! Tangu nichunge ng'ombe za baba sijaangushwa na kwale! Kiprono, angalia mguu wako, kuna mayai hapo."

Kiprono akachuchumaa. Akayahesabu yale mayai kwa kidole bila kuyagusa. Mwishowe akasema, "Baba, ile miche nitaipanda kule juu, kwenye mawe."

Mama Wairimu aliketi palepale kwenye tope, na kitenge chake kizuri, akasema, "Asante Yesu." Mimi nikaketi kando yake.

Labda ni mvua tu iliyokuwa nzuri mwaka ule. Sijui. Ninachojua ni kwamba mgeni hakai pasipo na pa kukaa.

Sasa bustani iko mikononi mwenu. Mwanangu, kabla mkono wako haujaanza kazi uliyoizoea, uulize unamfanyia nani. Ukiambiwa acha, acha kweli, na uvumilie kuchekwa. Na anayekupinga usimsukume ukutani. Mwachie nafasi ajionee mwenyewe, kama Kiprono.

Mungu akupe mikono inayojua kutenda na inayojua kutulia. Mvua ikukute umepanda, maziwa yasikauke kwako, na kila utakapopita pabaki na uhai. Iwe hivyo.