Jina la Feza kwenye Bawa

Nilipokuwa mtoto pale Kindu, Wabelgiji wangali wanatutawala, baba yangu alikuwa seremala katika karakana ya reli. Akitoka kazini alichonga vindege vya mti mwepesi na kuvivalisha mabawa ya karatasi ya mifuko ya saruji. Havikuwa na mashine; viliruka kwa upepo tu. Jumapili moja alitupeleka sote kuvirusha kutoka juu ya genge la mto Lualaba, lile lenye udongo mwekundu, tukabeba wali, samaki na mkeka.

Bibi, mama yake baba, alikuja shingo upande.

"Rusha avio yako, mwanangu," alimwambia tulipofika. "Lakini usiandike jina la muntu juu yake. Jina likiingia mu mayi, mayi itamwita mwenyewe."

Nilimwelewa: maji yangemwita mwenye jina. Asubuhi ile, kwa kipande cha makaa, nilikuwa nimeandika FEZA chini ya bawa la ndege kubwa kuliko zote. Feza alikuwa mdogo wangu wa miaka minne, nami ndiyo kwanza nimejua kuandika. Ningeweza kusema. Nikanyamaza.

Baba akairusha. Ilielea vizuri mno, ikapinda kulia, na herufi zangu zikaonekana wazi.

"Ile nyeusi njo nini?" Bibi aliuliza. Hakujua kusoma, wala mama.

Ndege iliinamisha pua, ikatua majini, ikazungushwa na mkondo, ikazama.

Feza alikuwa tayari anaikimbilia. Ukingo ukakatika chini ya miguu yake.

"Feza!" mama alipiga yowe, na Bibi akamziba mdomo kwa kiganja.

"Musimwite! Ile nyeusi njo jina lake! Musimwite na jina lile!"

Baba alijitupa kifudifudi, nusu ya mwili ikaning'inia nje ya genge, akamdaka kwa gauni. Mimi sikuweza hata kusogea. Nilimwona mdogo wangu akirusha miguu juu ya maji, na nilijua ni nani aliyempeleka pale.

Alipopandishwa, Bibi alimpa jina jipya papo hapo: Riziki. Kisha akatugeukia.

"Nani aliandika?"

Baba alinitazama. Alizijua herufi zangu. Z yangu siku zote iligeukia upande usio wake.

"Njo mimi niliandika, Mama," alisema.

Bibi hakumsemesha mwanawe mpaka mpunga ukavunwa. Na baba hakuchonga ndege tena.

Leo najua mvua ilikuwa imenyesha siku tatu mfululizo na udongo umelowa. Najua mtoto wa umri ule hukimbilia chochote kinachoruka. Hata hivyo, nikiwa karibu na mto, sijathubutu kulitamka jina lile la kwanza la dada yangu.

Lakini kinachonirudia zaidi ni baba, matope yamemjaa kifuani, akiusema uongo ule bila kunitazama mara ya pili. Miaka yote hakunigusia jambo hilo. Nilingoja anigusie, nipate pa kuanzia kumwomba msamaha. Alikufa nikiwa bado nangoja.