Raba za Fundi Makochi

Mtaani walimwita Fundi Makochi, na jina hilo lilimkaa kama kitambaa kilichovutwa vizuri kwenye kona za kiti. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja kirefu chenye mlango wa bati, na ndani makochi ya watu yalisimama uchi, mbao na mikanda nje, yakingoja kuvalishwa. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mfupi, mwenye viganja vipana kuliko umbo lake. Mteja akileta kochi lililobonyea, Fundi hakuwa na maswali mengi. Alibonyeza kiti kwa dole gumba, akatulia, akatazama sponji inavyorudi. Kisha alisema, "Hii imechoka," au, "Hii bado ina moyo," na biashara ilikuwa imeishia hapo.

Kochi la nyumbani kwake lilikuwa habari nyingine. Pembe iliyo karibu na mlango ilikuwa na springi iliyokatika tangu zamani, nayo ilimchoma kila aliyekaa vibaya. "Mganga hajigangi," mumewe aliwaambia wageni walioruka, akicheka peke yake. Fundi aliahidi kulitengeneza wiki ijayo, na wiki ijayo ilikuwa haijawahi kufika.

Kila alfajiri Fundi alikimbia. Alianza mwaka ule daktari alipompima presha akamwambia atafute namna ya kutoka jasho mbali na cherehani. Angekimbia siku mbili tatu akaacha, kama wengi wetu, lakini kulikuwa na wifi yake.

Wifi alikuwa dada mkubwa wa mumewe, mwalimu mstaafu, mrefu, mkavu, mwenye mwendo wa mtu aliyesikia kengele ikigongwa bila yeye. Kwa miaka zaidi ya ishirini wawili hao walikuwa wakisalimiana kama wapangaji wa nyumba moja: habari, nzuri, watoto, hawajambo. Hawakuwa na ugomvi. Ugomvi ungekuwa nafuu, maana ugomvi husuluhishwa. Ilikuwa tu kwamba katika wiki za kwanza za ndoa Wifi aliingia jikoni kwa bi harusi, akapanga upya masufuria bila kuulizwa, na bi harusi akayarudisha yalipokuwa bila kusema neno. Kutoka hapo ukimya ulijijenga wenyewe, tofali juu ya tofali.

Wifi alipostaafu akahamia mtaa wa pili. Asubuhi moja wakakutana barabarani, kila mmoja akikimbia kwa aibu yake, wala hapakuwa na namna ya mmoja kumwacha mwenzake bila kuonekana ana jeuri. Wakakimbia pamoja. Wakagundua kitu ambacho hakuna aliyekuwa amewaambia, kwamba mtu anayekimbia halazimiki kumtazama mwenzake usoni. Macho yako mbele, pumzi ni chache, maneno yanatoka yale ya lazima tu. Hivyo ndivyo Fundi alivyopata kusimulia mimba iliyoharibika, ambayo hata mumewe hakuitaja tena. Hivyo ndivyo Wifi alivyokiri kwamba tangu aache kufundisha, kuna siku sauti yake mwenyewe humshtua, kwa kuwa hajaitumia tangu jana.

Lakini barabara ilikuwa barabara, na sebule ilikuwa sebule. Wifi akija nyumbani aliketi pembe ile ile ya karibu na mlango, akanywa chai nusu kikombe, akatazama saa ya ukutani, akaaga. Fundi alimsindikiza hadi getini, akarudi ndani na ule mzigo wa zamani kifuani. Alijiambia kwamba urafiki wao una miguu tu, hauna makalio.

Ndipo goti la kulia lilipoanza kuuma.

Alilificha. Raba zake zilikuwa za zamani, soli imelika upande mmoja hadi imekuwa nyembamba kama kadi, na kila hatua ya lami ilimgonga moja kwa moja mfupani. Maumivu yalipozidi alisimama akajifanya anafunga kamba. Wifi alimvumilia siku kadhaa, kisha akasema kwamba kamba za mwenzake zinafunguka kama mdomo wa mlevi.

Kwa siri Fundi akaenda kwa mtaalamu wa viungo katika zahanati. Yule dada alilikunja goti na kulikunjua, akaichukua raba na kuipinda katikati kama daftari, akatikisa kichwa. Goti halijaharibika, alimweleza, limechoka kupokea vishindo. Anunue viatu vyenye soli ya kumpokea, vya mazoezi ya kila siku, aanze polepole. Likiendelea kuuma, arudi, na hapo huenda akashauriwa aache kukimbia, awe anatembea tu. Katika maelezo yote hayo, Fundi aliondoka na neno moja, kutembea. Wifi hakuwa mtu wa kutembea. Na wasipokimbia, watakuwa nani kwa kila mmoja? Watarudi kwenye habari, nzuri, na nusu kikombe cha chai.

Hakumwambia mtu. Badala yake akafanya kosa ambalo fundi makochi pekee angelifanya. Katika pakacha la vipande alichagua sponji bora aliyokuwa nayo, akaichora kwa chaki kufuata soli ya ndani ya raba, akaikata, akaibandika kwa gundi. Akabonyeza kwa dole gumba. Ilizama, ikarudi taratibu, tamu kabisa. Alilala akijiona mwerevu.

Asubuhi mguu ulikuwa umenyanyuka, kisigino kikichungulia nje ya raba kama mwenye nyumba anayesubiri kodi. Alijikaza. Kwenye kona yenye mteremko raba ilibaki nyuma, Fundi akaendelea, hatua mbili tatu na soksi, kabla hajajua kilichompata. Wifi aliiokota. Alitia mkono ndani, akavuta, na ikatoka ile sponji, bado imeshikamana na kipande cha kitambaa cha maua mekundu ambacho mtaa mzima uliwahi kukikalia nyumbani kwa mama mmoja jirani.

"Wifi," alisema, akikiinua juu kama ushahidi, "unakimbia na kochi la watu?"

Walicheka hadi wakakaa ukingoni mwa barabara. Na kicheko kilipoisha Fundi akaeleza habari za goti, ila alieleza nusu. Alisema kuhusu raba. Kuhusu kutembea hakusema.

Jumamosi wakaenda dukani. Mwenye duka alikuwa mzee mwenye kitambi ambaye kwenye picha ya ukutani alikuwa kijana mwembamba akikata utepe wa mbio. Hakuanza kwa kuuliza rangi. Aliuliza wanakimbia wapi, lami au udongo, kila siku au mara moja moja, mbio za kushindana au za kuzungumza. Wifi akajibu kwamba ni za kusengenya, kwa hiyo za polepole. Mzee akasema basi hawahitaji kiatu chepesi cha mashindano, wanahitaji cha kuwabeba kila siku bila kuwachosha. Akaleta jozi tatu. Ya kwanza ilimbana Fundi vidole, ikarudishwa rafuni. Zikabaki mbili: nyeupe yenye soli nene, laini, iliyovimba kama mto mpya, na ya kijivu, soli yake nene pia, lakini iliyokaza zaidi.

Fundi aliketi kwenye benchi na jozi zote mbili mapajani. Dole gumba likafanya kazi yake. Nyeupe ilizama ikarudi taratibu, kama sponji anayowawekea wazee wanaokaa kutwa nzima. Ya kijivu ilimkatalia kidogo, ikamrudishia kidole upesi. Hakuwa na haja ya kufikiri. Miaka yote ile, dole hilo lilikuwa halijamdanganya.

"Nipe nyeupe, kaka."

Mzee hakwenda kuzifungasha. Alimwambia kwa upole kwamba katika duka lake mtu aliyeketi hauziwi kiatu cha kukimbilia. "Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, mama. Vaa kimoja kimoja. Kushoto hiki, kulia kile. Nenda mpaka kwa kinyozi pale kwenye kona, urudi, ubadilishe. Mguu mmoja utamshitaki mwenzake."

Fundi akatazama barabara iliyojaa watu wa Jumamosi, akatazama miguu yake, mmoja mweupe, mwingine wa kijivu. Alisema ataonekana kichaa. Wifi aliketi kando yake. Alivua viatu vyake, akachukua vile viwili vilivyobaki, akavivaa; miguu yao ilikuwa na kipimo kimoja, jambo walilolijua tangu siku Wifi alipoondoka msibani na ndala za mwenzake.

"Tukichekwa, tuchekwe wawili," akasema.

Wakatoka. Mama mmoja na nusu, mfupi na mrefu, viatu vinne vya rangi mbili, kama waliogawana mapacha. Kinyozi alitoka mlangoni na mashine ikinguruma mkononi, akauliza kama mama hawa walivaa gizani. Mteja wake, nusu kichwa kimenyolewa, naye akatoka kuona.

Mguu mbovu wa Fundi ulikuwa kwenye ile nyeupe. Hatua za mwanzo zilikuwa raha tupu. Kisha akaanza kuhisi kwamba kila akikanyaga, mguu unazama na kuegemea ndani, naye anauchimbua upya, huku goti likifanya kazi ya kumshika asiyumbe. Walirudi, wakabadilisha, wakatoka tena. Sasa ile ya kijivu ilikuwa kulia. Ilimpokea, ikamwachia. Ikampokea, ikamwachia. Kufika kwa kinyozi alikuwa anafikiria jinsi ukuta wa kinyozi unavyohitaji rangi, na hapo ndipo alipotambua kwamba goti alikuwa amelisahau.

Akasimama. Maisha yake yote ametengeneza vya kuwapokea watu wanaokuja kukaa. Sponji ya anayekaa lazima ikubali kuzama. Ya anayepita haina haki ya kumshika. Dole gumba halikudanganya, ila lilijibu swali la kiti.

Wifi alifika akihema, akadai kwamba nyeupe ndiyo bora, mguu wake unaelea, hajapata kuvaa kitu kama hicho tangu azaliwe. Na kweli, alikuwa na mifupa ya ndege na nyayo zisizoyumba. Fundi alitaka kucheka. Badala yake yale aliyoyaficha yakatoka, pale pale mbele ya kinyozi.

"Wifi, goti likigoma hata na hivi, wameniambia huenda nikaacha kukimbia. Nitakuwa natembea tu."

Wifi aliinama akakaza kamba ambayo haikuwa imelegea.

"Basi tutatembea."

"Wewe hujui kutembea."

"Nimefundisha watoto wa watu hesabu hadi nikazeeka. Nitashindwa kufundisha miguu yangu miwili?"

"Na likikataa kutembea?"

"Utakaa, nami nitakaa." Akainuka, akafuta jasho kwa ukosi wa blauzi. "Ila utengeneze kwanza lile kochi lenu. Ile springi ya karibu na mlango ndiyo inayonifukuza kila siku. Kwani ulidhani ni wewe?"

Fundi akaziona zile nusu vikombe za chai, moja baada ya nyingine, na mwanamke mrefu aliyeketi upande upande akitazama saa. Akauliza, karibu kwa hasira, kwa nini hakusema. Wifi akasema kwamba aliwahi kupanga masufuria ya nyumba ile bila kuulizwa, akajifunza. Tangu hapo hakuthubutu kukosoa hata kijiko.

Walirudi dukani polepole. Mzee aliposikia kwamba mmoja anachukua ya kijivu na mwingine nyeupe, hakushangaa. Alisema hajawahi kuuza kiatu kizuri, ameuza tu viatu vilivyokutana na wenyewe.

Goti lilinung'unika asubuhi za mwanzo, halafu likanung'unika kidogo, kisha likawa kama jirani mwenye redio, unamsikia siku moja moja. Mtaalamu wa viungo alilikunja na kulikunjua, akamwambia aendelee, asijitie ujana.

Na wiki ijayo, ile ya miaka yote, hatimaye ilifika. Fundi alilibeba kochi lake hadi karakana, akalipitisha mbele ya makochi ya wateja, akang'oa springi iliyokatika. Kwa pembe ya karibu na mlango alichagua sponji laini kuliko zote, ile inayokubali kuzama. Mumewe alipoketi hapo akatamani kuhamia kabisa. Akaambiwa nafasi ile ina mwenyewe.

Asubuhi moja mvua ikanyesha, mvua ya kukataza watu barabara. Wifi alikuja hivyo hivyo, akiwa amejitanda mfuko wa plastiki kichwani, raba nyeupe zimelowa. Alizivua mlangoni akaziweka kando ya zile za kijivu. Akaketi kwenye pembe yake kwa tahadhari ya miaka mingi, akasubiri kuchomwa. Hakuchomwa. Akajiachia, akazama.

Mvua ndiyo iliyokuwa inasema. Fundi alimmiminia chai, naye akainywa hadi sukari ya chini, akanyoosha kikombe kuomba nyingine. Juu ya kichwa chake saa ya ukutani ilikuwa inaendelea na kazi yake, na hakuna aliyeiangalia.