Barua ya Kumtetea Debora

Nilifunga safari ya kwenda Kaisho kwa sababu ya Debora. Tulikua pamoja hapa Rugu, tukabatizwa siku moja, kisha yeye akaolewa huko mbali. Msimu mmoja, tulipokuwa tukianika kahawa, mchuuzi wa Muleba alituletea habari kwamba mume wa Debora amefariki na shemeji zake wamemtaka achague: arithiwe na mdogo wa marehemu, au aondoke katika kibanja chake, nyumba, migomba, kahawa na vyote, na mabinti zake wawili awaache.

Sisi tuliokuwa tukikutana kila Jumatano kwa sala tulikuwa watu kumi na mmoja, wake kwa waume. Katika kikundi chetu mwanamke aliweza kusimama akaeleza Maandiko, na hakuna aliyecheka. Tulikuwa tumekubaliana kwamba binti asome kama kaka yake, na mjane asigawiwe kama jembe la marehemu. Watu wengi kanisani walituona tumepotoka. Basi nikaandika barua kwa wazee wa kanisa la huko kwa Debora, wote tukatia sahihi au dole gumba, nami nikachaguliwa kuipeleka. Mwalimu Zakaria, kiongozi wetu, alipewa kazi ya kuisoma, maana tulijua mwanamke hatapewa nafasi barazani.

“Nenda,” mume wangu aliniambia. “Watoto nitawapikia mimi.”

Siku ya kwanza tuliondoka na umande. Zakaria alikuwa mchangamfu, akiimba kila tulipoteremka bondeni. Kwenye mlima mmoja mrefu alinipokea mzigo, akajitwisha kichwani. Wanaume waliokuwa wakirudi mnadani wakamcheka, wakamuuliza kama ameolewa. Aliwajibu, “Kristo alibeba mzito kuliko huu.” Siku ile nilimheshimu kuliko mtu yeyote.

Siku ya tatu, jua likielekea kuzama, tulifika Kamuli, tukakaribishwa na familia ya Kikatoliki. Mama mwenye nyumba alitupikia ndizi na maharage. Nilipomweleza tunakokwenda, alitikisa kichwa.

“Ninyi Walutheri, sisi Wakatoliki,” alisema, “lakini mjane akifukuzwa, njia ya kuondokea ni ileile.” Kisha akamgeukia Zakaria. “Na kwenu huko, mwalimu, wajane wanakaa?”

“Tunajitahidi, mama,” Zakaria alijibu, akainamia chakula chake.

Siku ya nne, mchana, tuliingia kwa Debora. Alikuwa amekonda, kichwa kimenyolewa. Binti mkubwa, Agnesi, alikuwa akichota maji. Mdogo alikuwa mgongoni mwa mama yake. Debora alinikumbatia bila kulia.

“Wameanza kukata mikungu,” alisema. “Hawaniulizi. Wanapita mlangoni kama vile mimi ndiye niliyekufa.”

Nikamwonyesha barua. Hakujua kusoma, lakini alipapasa yale madole gumba moja moja, akaniuliza hili la nani, hili la nani.

Asubuhi ya siku ya tano baraza lilikaa ndani ya kanisa, jengo la udongo lenye paa la nyasi. Wazee walikaa kwenye viti, na Zakaria akapewa kimoja. Sisi wanawake tukakaa chini kwenye nyasi zilizotandazwa. Shemeji mkubwa wa Debora alikuwa mmoja wa wazee hao. Zakaria alisimama, akaifungua barua, akasoma salamu. Alipofika mahali paliposema kwamba mjane asinyang'anywe kibanja, shemeji yule aliinua mkono taratibu.

“Mwalimu, shikamoo.”

“Marahaba.”

“Naomba kujifunza. Kaka yako alifariki huko Rugu. Kibanja chake anakilima nani?”

Zakaria aliangalia karatasi. Kisha akaikunja.

“Ndugu zangu,” alisema, “sisi tumekuja kuwapa pole kwa msiba.” Akakaa.

Nilikijua kibanja kile. Mjane wa kaka yake, Salome, aliondoka kabla kikundi chetu hakijaanza, na sisi wote, wakati wa mikutano, tulikula ndizi za migomba aliyoipanda yeye. Hakuna aliyewahi kulitaja jambo hilo, hata mimi.

Nikainuka, nikaichukua barua mkononi mwa Zakaria, nikaanza kusoma. Mzee mmoja wa kanisa hakunikemea. Alianzisha wimbo. Watu wote wakasimama, kama ilivyo desturi, wakaimba, na wanawake wakaimba kwa nguvu kuliko wanaume. Nilisoma hadi neno la mwisho nikipiga kelele. Nadhani ni Debora tu aliyenisikia, kwa kuwa yeye hakusimama, alibaki amekaa miguuni pangu.

Kesho yake tulitoka naye, akiwa na mtoto wa mgongoni. Agnesi walimzuia, walisema ni mkubwa na ni wa ukoo wao. Alisimama kwenye migomba ameshikwa bega na baba yake mdogo. Debora hakugeuka nyuma hata mara moja. Alitembea hivyo hadi Kamuli, na kule, yule mama alipomuuliza, “Watoto wako wangapi?”, ndipo alipoanguka chini akalia.

Zakaria alitutangulia njia nzima. Hakuimba. Siku ya mwisho nilimwomba amrudishie Salome kibanja chake.

“Wanangu watakula nini?” aliniuliza, wala hakungoja jibu.

Jumatano iliyofuata nililisema jambo hilo mbele ya wote. Watu wanne walinyanyuka wakaondoka na Zakaria, na hawajarudi. Tuliobaki tulimjengea Debora kibanda nyuma ya nyumba yangu. Hana kibanja, analima ukingoni mwa changu, na kila apitapo mchuuzi wa kutoka Kaisho anamuuliza habari za Agnesi.

Mimi nilijifunza kwamba ni rahisi kutembea siku nne kwenda kukemea dhambi ya watu usiowajua. Safari niliyoiogopa ilikuwa ya nusu siku tu, kwenda kwa kaka yake Salome, anakoishi sasa. Nilimkuta Salome akimenya ndizi. Nilimsalimu, nikamwambia kwamba tunataka kumpigania kwenye baraza la chifu.

Aliendelea kumenya. “Mlikuwa wapi siku ile nafunga mizigo yangu?”

“Nilikuwepo, dada,” nilisema. “Ni mimi niliyekusaidia kujitwisha.”